Uyoga Usio na Jina: Namna Spishi Mpya Inavyotambuliwa na Kuainishwa



Katika misitu ya miombo ya Zambia, mvua zikishashika, huchipuka kwenye ardhi ya mchwa uyoga ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita 1. Uyoga mmoja unatosha kitoweo cha familia nzima. Watu wameula vizazi na vizazi, wameupanga kando ya barabara ili wasafiri wanunue, na wamewafundisha watoto wao msimu wake na mahali unapoota. Hata hivyo jina lake la kisayansi, Termitomyces titanicus, lilichapishwa mwaka 1980 tu. Waliolichapisha ni David Pegler, mtaalamu wa kuvu wa bustani ya Kew, Uingereza, na Graham Piearce, aliyekuwa akifanya kazi Zambia. Wakati huo uyoga huo, unaotajwa kuwa mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani, ulikuwa umeshapikwa katika maelfu ya vyungu.

Kisa hiki kinatuachia swali la haki. Ikiwa wenyeji waliujua uyoga huo, waliutofautisha na mwingine na kuupa majina, basi mwaka 1980 kiliongezeka nini? Mimi naamini kiliongezeka kitu kimoja chenye thamani kubwa: uwezo wa mtu asiyewahi kufika Zambia kuyakagua madai yale, kuyakubali au kuyapinga, hata baada ya miaka mia. Uwezo huo unasimama juu ya uyoga mkavu uliohifadhiwa, wenye namba na maelezo. Leo nataka tuone namna unavyojengwa, na kwa nini sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuujenga kwa mikono yetu wenyewe.

Mpya kwa nani?

Tunaposema spishi mpya hatusemi kwamba imezaliwa jana. Inaweza kuwa na umri wa mamilioni ya miaka. Upya wake uko kwenye daftari la sayansi: hakuna aliyewahi kuieleza kwa namna inayokubalika na kuipa jina. Kwa upande wa kuvu, kundi ambalo uyoga ni sehemu yake, daftari hilo lina kurasa nyingi tupu. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni takriban 150,000, ilhali makadirio yaliyotolewa na wataalamu David Hawksworth na Robert Lücking mwaka 2017 ni kwamba duniani zipo kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Maana yake ni kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi hazijaandikwa.

Wala hazijifichi zote katika misitu isiyokanyagwa na mtu. Mwaka 2014 wanasayansi wawili wa Kew, Bryn Dentinger na Laura Martínez-Suz, walitoa taarifa ya pakiti ya uyoga mkavu iliyonunuliwa dukani London. Uyoga huo ulitoka China na uliuzwa kwa jina la kawaida la sokoni. Walipima vipande 15 na kukuta spishi 3 za jenasi ya Boletus, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la kisayansi. Mnunuzi alikuwa amelipia chakula ambacho sayansi haikukijua.

Hapa Tanzania masoko na vijiji vimetufundisha jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1990 Marja Härkönen wa Finland na wenzake, akiwamo Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kwa wachumaji na wauzaji wa uyoga, wakauliza, wakanunua, wakakausha na kuandika. Mwaka 1994 ndipo zilipochapishwa Termitomyces singidensis, iliyochukua jina la Singida, na Amanita masasiensis, iliyochukua jina la Masasi. Mwaka 2003 Härkönen, Tuomo Niemelä na Mwasumbi walitoa kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania. Kazi hiyo haikuanzia kwenye hadubini. Ilianza kwa mama aliyekaa na ungo wake sokoni, anayejua upi unachemshwa na maji yake kumwagwa, upi unaota chini ya mti gani, na upi hauguswi. Mtafiti anayempita mama huyo akakimbilia msituni peke yake anatupa nusu ya taarifa aliyoifuata.

Kazi inaanzia kwenye udongo

Wanafunzi wangu huwa nawaambia: uyoga haung'olewi, unachimbuliwa. Tuchukue uyoga wa mchwa. Juu ya ardhi mnaona kofia na shina. Shina hilo halikomi pale linapoingia ardhini. Linaendelea kushuka, likiwa jembamba zaidi na mara nyingi jeusi, hadi kwenye chumba cha mchwa, na huko limejishikiza kwenye sega. Sega hilo mchwa wamelijenga kwa mabaki ya miti na majani yaliyopita matumboni mwao, na juu yake kuvu imetandaza nyuzi zake na vijipunje vyeupe ambavyo mchwa hula. Anayevuta uyoga kwa mkono anaondoka na kofia na kipande cha shina. Ushahidi wa kwamba huu ni uyoga wa mchwa ameuacha ardhini. Kwa hiyo shika kisu kirefu au jembe dogo, fuata taratibu shina hilo linaloshuka kama mzizi, na ukifika kwenye sega chukua kipande chake pamoja na mchwa kadhaa. Mchwa hao nao watatambuliwa.

Kwa jenasi ya Amanita, kuchimbua ni suala la uhai. Nyingi kati ya spishi zake huanza zikiwa zimefunikwa na utando, na utando huo ukipasuka huacha kikombe kwenye kitako cha shina, chini ya udongo. Katika jenasi hii kuna Amanita zambiana, ambayo ni chakula kinachopendwa katika nchi za miombo. Humo humo kuna Amanita phalloides, ambayo sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Aliyekula haoni dalili mpaka saa 6 hadi 12 zimepita au zaidi. Atatapika na kuharisha, kisha anaweza kupata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika. Kikombe kilichobaki ardhini kingeweza kuwa onyo. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: kutambua spishi kwa usahihi si anasa ya wasomi.

Baada ya kuchimbua, andika pale pale. Rangi ya kofia ilipokuwa mbichi, na katikati yake na ukingoni, maana huwa hazifanani. Utelezi au ukavu wa ngozi yake. Harufu. Kama una pete kwenye shina. Kata nyama yake utazame: je, inageuka rangi, na baada ya dakika ngapi? Jenasi za Lactarius na Lactifluus zikikatwa hutoa maziwa, na maziwa hayo katika baadhi ya spishi hubaki meupe, katika nyingine hugeuka. Andika miti iliyo karibu pia. Katika miombo, kuvu nyingi zimeungana na mizizi ya miti ya jenasi za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Kuvu huupa mti maji na madini, mti huipa kuvu sukari. Mti ukikatwa, mwenzake naye anaweza kufa. Taarifa nyingi kati ya hizi hupotea uyoga ukikauka. Kinachobaki ni kitu cha kahawia kilichosinyaa, na bila maandishi hakuna atakayejua kwamba kilikuwa chekundu.

Jambo hili alilielewa vizuri Bibi Goossens-Fontana, aliyeishi Kongo wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Alikuwa akikusanya uyoga, akiukausha, na pia akiuchora kwa rangi za maji ukiwa bado mbichi. Alipeleka Ubelgiji michoro pamoja na sampuli, na Maurice Beeli na baadaye Paul Heinemann walizitumia kueleza spishi nyingi za Kongo. Mpaka leo mtafiti anayetaka kujua rangi ya uyoga fulani wa msitu wa Kongo anaweza kufungua michoro ile. Sampuli yenye picha na maelezo ya siku ile ile ina thamani kuliko sampuli kumi zilizotupwa kwenye bahasha bila neno.

Usiku mmoja juu ya karatasi

Kabla ya kukausha, kuna kipimo kinachoweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa sekondari. Kata kofia kutoka kwenye shina. Ilaze juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, vile vibamba vyembamba vya chini ya kofia vikitazama karatasi. Funika kwa bakuli ili upepo usiingie, na uache mpaka asubuhi. Ukiinua kofia utakuta vumbi laini limejipanga kwa mistari inayofuata vibamba. Hizo ni spora, chembe za uzazi za uyoga, mamilioni kwa mamilioni. Zikiwa nyeupe zitaonekana upande mweusi wa karatasi. Zikiwa za kahawia au nyeusi zitaonekana upande mweupe. Uyoga wa mchwa hutoa vumbi lenye wekundu hafifu au rangi ya malai.

Rangi hiyo ina historia ndefu. Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753 kilichoweka msingi wa majina ya mimea, aliweka kuvu miongoni mwa mimea na hakuzishughulikia sana. Christiaan Hendrik Persoon, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema huko kusini mwa Afrika, ndiye aliyezipanga kwa mfumo mpana katika kitabu chake cha mwaka 1801. Akafuata Elias Fries wa Sweden, kati ya mwaka 1821 na 1832, aliyegawa uyoga wenye vibamba kwa rangi ya spora. Kwa zaidi ya karne moja mfumo huo ulitumika, na msituni unatusaidia hadi leo.

Kisha huja hadubini. Unakata kipande chembamba cha kibamba, unakilowesha, unapima spora moja moja kwa mikromita, na unapima nyingi, kwa sababu spora moja haisemi chochote kuhusu spishi. Unatazama umbo lake, kama ina miiba au ni laini. Unadondosha maji ya ayodini uone kama kuta zake zinageuka buluu iliyoiva. Unatafuta seli zinazochomoza kati ya zile zinazozaa spora. Uyoga wa aina mbili uliofanana kabisa kwenye kikapu unaweza kuachana hapa.

Mahali pake katika ukoo

Kutambua ni kusema uyoga huu ni tofauti na mwingine. Kuainisha ni kusema ndugu zake ni nani. Kazi hizi mbili huenda pamoja, ila ya pili imewapotosha wataalamu wengi, na uyoga wa mchwa ni shahidi mzuri.

Mwaka 1847 Miles Berkeley aliueleza uyoga wa aina hii kutoka Sri Lanka na kuuita Agaricus eurrhizus, kwa kuwa siku hizo karibu kila uyoga wenye vibamba ulitiwa katika Agaricus. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim aliunda jenasi ya Termitomyces kwa ajili ya uyoga unaoishi na mchwa. Lakini kuna mmoja mdogo, Termitomyces microcarpus, wenye kofia ya sentimita chache tu, unaochipuka kwa mamia juu ya vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje. Hauna mzizi mrefu wa kushuka ardhini. Rolf Singer aliona umbo lake haliendani na wenzake, akauweka katika jenasi tofauti, Podabrella. Hoja yake ilikuwa ya busara kwa ushahidi uliokuwapo.

Vinasaba vilileta ushahidi mwingine. Utafiti wa Tobias Frøslev, Duur Aanen na wenzao, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ule mdogo umezaliwa ndani ya ukoo wa Termitomyces, si kando yake. Kwa hiyo uyoga wa sentimita 2 na uyoga wa mita 1 ni wa jenasi moja. Kazi ya Aanen na wenzake ya mwaka 2002 ilikuwa imeonyesha pia kwamba kilimo hiki cha mchwa kilianza mara moja tu, Afrika, na kwamba hakuna mchwa wala kuvu ya ukoo huo iliyowahi kuuacha ushirika huo. Hata himaya ambamo kuvu zote zinawekwa imebadilika. Mwaka 1969 Robert Whittaker alizipa kuvu himaya yake, mbali na mimea, na tafiti za vinasaba za miaka ya 1990 zikaonyesha kwamba kuvu ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Majina ya chakula chetu nayo yamebadilika. Uyoga wa maziwa uliojulikana kama Lactarius edulis, unaoliwa Burundi na katika nchi za jirani, sasa ni Lactifluus edulis, baada ya vinasaba kuonyesha kwamba jenasi ya zamani ilikusanya koo zaidi ya moja. Wanafunzi hulalamika kwamba majina hayatulii. Nawajibu kwamba jina la kisayansi linabeba dai kuhusu undugu, na dai likipata ushahidi bora lazima lirekebishwe. Uyoga ukiwa sufuriani ni ule ule.

Vinasaba havijibu kila kitu

Tangu mwaka 2012 wataalamu wamekubaliana kutumia kipande kimoja cha DNA, kiitwacho ITS, kama kitambulisho cha kwanza cha kuvu. Mtafiti husoma kipande hicho na kukilinganisha na vilivyo katika hazina za kimataifa za data. Hapo vijana wengi hukurupuka. Wakikosa kinachofanana, hutangaza spishi mpya.

Kukosa mfano katika hazina hakutoshi. Spishi nyingi za Afrika zilipewa majina kabla ya teknolojia hii, na sampuli zake hazijawahi kusomwa vinasaba. Huenda uyoga ulio mkononi mwako ulipewa jina miaka mingi iliyopita na sampuli yake imelala kabatini Kew, Paris au Meise huko Ubelgiji. Usipokwenda kuitazama, au kuomba itazamwe kwa niaba yako, utaupa uyoga mmoja majina mawili. Vilevile hakuna asilimia moja ya tofauti inayotenganisha spishi zote. Katika koo fulani spishi mbili tofauti hukaribiana mno kwenye kipande hicho, na hapo lazima usome vipande vingine. Hoja thabiti ni ile ambayo umbo, hadubini, vinasaba na mahali uyoga unapoishi vinashuhudia jambo moja.

Jina na kielelezo chake

Ushahidi ukikamilika, sheria huanza. Kanuni za kimataifa za majina ya mwani, kuvu na mimea zinataka maelezo yaliyochapishwa, au kauli inayosema wazi spishi hii inatofautianaje na zinazoikaribia. Hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo hayo yalipaswa kuwa ya Kilatini. Tangu Januari 1, 2012 Kiingereza kinakubaliwa pia. Tangu Januari 1, 2013 kila jina jipya la kuvu lazima lisajiliwe katika moja ya hazina zinazotambuliwa, kama MycoBank au Index Fungorum, na namba ya usajili ichapishwe pamoja nalo.

Sharti ninaloliona kuwa moyo wa yote ni la sampuli kielelezo. Mwandishi lazima ataje sampuli moja halisi na mahali inapohifadhiwa, na jina hubaki limefungwa na sampuli hiyo siku zote. Maelezo yakiwa na kosa, sampuli itasahihisha. Teknolojia mpya ikija, sampuli itapimwa upya. Wataalamu wawili wakibishana, wataifungua bahasha ile ile. Hivyo ndivyo sayansi ilivyowezesha watu wa nchi na nyakati tofauti kuzungumzia uyoga mmoja bila kuchanganyikiwa. Fangaria ya Kew, yaani hifadhi yake ya sampuli kavu za kuvu, pekee ina sampuli zaidi ya milioni 1.25.

Tufanye nini?

Mheshimiwa Mwenyekiti, sehemu kubwa ya vielelezo vya uyoga wa Afrika Mashariki na Kongo iko Ulaya. Waliovihifadhi wanastahili shukrani, kwani bila wao vingi visingekuwapo. Lakini mwanafunzi wa Iringa au Bujumbura anayehitaji kukagua uyoga wa kwao hapaswi kuomba viza kwanza. Na uwezo tunao. Mwaka 2008 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akishirikiana na Bart Buyck na wengine, alichapisha spishi mpya kutoka Tanzania, Cantharellus fistulosus. Jina lake kama mwandishi limo katika daftari la dunia.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mradi wa utafiti wa uyoga katika nchi zetu uache sampuli kamili nchini, katika hebaria, yaani hifadhi za sampuli kavu, kama zile za Arusha, Dar es Salaam au Nairobi, hata kama kipande kinapelekwa nje. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inatupa msingi wa kudai makubaliano ya haki. Hebaria nazo zipewe makabati yasiyoingiza wadudu, umeme wa uhakika na watunzaji walioajiriwa, maana sampuli iliyoliwa na wadudu haina tofauti na ambayo haikukusanywa.

La pili, majina ya wenyeji na maarifa yao yaandikwe kwenye lebo ya kila sampuli, pamoja na lugha, kijiji na namna ya kupika, na waliotoa maarifa hayo watambuliwe kwa namna wanayoiridhia. Wazee wanaojua uyoga wanaondoka, na miombo inageuzwa mkaa na mashamba. Mwaka 2025 orodha nyekundu ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini ilivuka kuvu 1,000 zilizotathminiwa, idadi ndogo mno ukilinganisha na zilizopo. Kwa kawaida spishi isiyo na jina haiwezi kuingia hata kwenye orodha hiyo, wala kutajwa katika sheria inayoilinda.

La tatu ni kwenu vijana. Msingoje maabara ya gharama. Kisu, karatasi ya rangi mbili, daftari, simu yenye kamera na njia ya kukausha kwa joto la wastani vinatosha kuanzia. Chimbueni, andikeni, kausheni, kisha pelekeni sampuli hebaria. Kama ni spishi mpya, itathibitika kwa utaratibu. Kama inajulikana, mtakuwa mmetuambia inapoishi, na hilo nalo ni maarifa tuliyoyakosa. Mvua zinaanza Novemba katika sehemu kubwa ya miombo yetu. Anzeni msimu huo huo.